Ndege za Bati Mbele ya Ritongo

Ndege ya kwanza niliinunua Tarime mjini, Jumamosi tarehe 9 Machi, kutoka katika gunia la viatu vya mitumba. Ilikuwa kichezeo cha bati chenye injini nne, na ufunguo wake ulikuwa bado tumboni. Nilikuwa mjane tayari, tena nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na wajukuu. Niliposoma kwamba ndege za aina hiyo ziliacha kutengenezwa kabla sijazaliwa, nilianza kuzitafuta hadi Ikoma. Nilizining'iniza kwenye boriti kwa nyuzi, zikawa zinageuka polepole kila upepo ulipoingia.

Tangu Mei ndama wa majirani walikuwa wakifa. Mdogo wa marehemu mume wangu alikuja, akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Shemeji, watu wanauliza mjane anafanya nini na ndege."

"Anaziangalia."

"Usiku?"

"Usiku ninalala. Wewe hulali?"

Hakucheka. Alisema nimeitwa kwenye ritongo, mkutano wa jamii unaoweza kumhamisha mtu kijijini.

Nilizipeleka ndege zangu katika beseni, nimezifunika kitenge. Mzee aliyeongoza aliinua moja.

"Mama, hii ilikuja lini?"

"Jumanne, tarehe 14 Mei."

"Na hii?"

"Alhamisi, tarehe 20 Juni."

Nilijibu bila kusita. Hakuna mtu pale aliyeniweza kwa tarehe, nami nilijisikia fahari. Ndipo mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, bila kupaza sauti, "Tarehe ishirini alikufa ndama wetu mwekundu."

Nilieleza kwamba ndama wengine walikufa siku ambazo sikununua chochote.

"Zitaje basi," alisema mzee.

Sikuzijua. Nilikuwa nimeziweka kichwani za kwangu tu.

Mkutano ulivunjwa bila uamuzi. Shemeji alinisindikiza hadi njia panda.

"Zichome mwenyewe leo. Wakija wao, hawatachagua cha kuchoma."

"Sikuziiba."

"Najua. Lakini paa lako ni la nyasi."

Nilizirudisha kwenye boriti, kila moja mahali pake. Kisha nilifyeka majani makavu kuizunguka nyumba, nikashika ndoo. Jirani yangu alinitazama nikichota maji, ndoo baada ya ndoo, wala hakuniuliza yote hayo ni ya nini.