Mguu wa Ojok, Cherehani ya Namono

Watu wa mtaa wa Nalufenya, mjini Jinja, waliotaka kujua Namono ameamkaje hawakumtazama usoni. Walitazama miguu yake. Kila asubuhi, pale barazani kwa Mubaraka muuza vitambaa, miguu ile ilipanda na kushuka juu ya kanyagio la cherehani, wa kulia ukitangulia, wa kushoto ukifuata, kama watu wawili wanaozungumza bila haraka. Yeye mwenyewe, huku juu, alikuwa mbali. Alisema akishona haoni barabara ya Jinja wala wapita njia. Huona ukingo wa mlima Wanale kwao Mbale, kwenye nchi ya Wagisu, na maji meupe yanayoning'inia kwenye mwamba kama nyuzi ambazo fundi fulani amesahau kuzikata.

Mume alikuwa naye zamani. Alivuka mpaka kwenda Kenya kutafuta kazi, akapotelea huko. Cherehani ndiyo iliyobaki, na Namono hakulalamika sana, kwa sababu cherehani ilimlisha na mume hakuwa amemlisha. Alishona gomesi za harusi, yale magauni marefu ya mshipi, na sare za shule, na jioni alikula kwa jasho lake mwenyewe.

Mvua za mwaka wa sabini na nne zilipoanza, homa ikampata. Mtaani palikuwa na zahanati iliyowahi kuwa ya daktari mmoja Mhindi. Daktari alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, zahanati iligawiwa kama maduka na majumba yalivyogawiwa, na aliyeipata alikuwa sajini wa jeshi. Sajini hakujua dawa. Alijua tu kwamba mlango ukiwa wazi na ndani yumo mtu mwenye koti jeupe, wagonjwa watakuja. Koti akamvisha Ojok, kijana aliyekuwa akichemsha sindano na kupiga deki enzi za daktari.

Ojok alikuwa mtu wa kaskazini, na miaka ile jina kama lake lilitosha kumuua mtu. Vijana wenye majina ya Kiacholi na Kilango walichukuliwa makambini, wakachukuliwa makazini, na wengi hawakuonekana tena. Sajini alilijua hilo vizuri. Mtu asiye na pa kukimbilia hadai mshahara, wala hasemi, "Afande, mimi sikusomea kuchoma watu sindano."

Basi Ojok akamchoma Namono kwinini kwenye tako. Moto ulishuka kutoka nyongani mpaka kwenye vidole, na mguu mzima ukaruka wenyewe kitandani. Kisha pakawa kimya. Katika homa ile Namono aliota mguu wake wa kulia umeshuka kitandani, umefungua mlango taratibu bila kumuaga, umeshika barabara ya Tororo kuelekea nyumbani. Ulikwenda ukiyaruka madimbwi. Yeye alikuwa akiuita nyuma, na mguu haukugeuka.

Homa iliondoka. Mguu haukurudi. Kuanzia goti kwenda chini ulining'inia kama kitambaa kilicholowa, na wayo haukuweza kujiinua. Alipojaribu kushona kwa mguu wa kushoto peke yake, gurudumu lilirudi kinyumenyume, uzi ukakatika, na maumivu ya nyonga yakamtoa kwenye kiti.

Alikwenda Mbale kwa shangazi yake Khainza, ambaye nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya Wanale. Shangazi akampeleka kwa Roselyn, muuguzi Mkenya aliyeishi jirani. Roselyn alimpima kwa kumgusagusa na unyoya wa kuku, kisha akamweleza bila kumficha. Sindano ile ilipaswa kuingia juu, pembeni ya tako. Imeingia chini, katikati, ikauchoma mshipa mkubwa wa fahamu. Huenda mshipa ukaamka, huenda usiamke. Jambo hilo, Roselyn alisema, mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kabla hata hajapewa kofia.

Shangazi Khainza alikuwa amepika maleewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa mchuzi wa karanga. Wakila, alimkumbusha mambo ya utotoni mwake. Pale kwao, mtu akimvunja mwenzake mkono wakati wa palizi, hata kwa bahati mbaya, aliuacha ugomvi na kushika jembe. Alilima shamba la aliyeumia mpaka mkono ule upone.

"Na usipopona, shangazi?"

"Basi ataendelea kulima. Kwani shamba linajua kama mkono umepona?"

Namono alirudi Jinja na maneno hayo, lakini kwanza alitaka kujaribu njia ya serikali. Alikwenda kwa hakimu akiegemea fimbo. Hakimu alimsikiliza kwa adabu, akaandika mstari mmoja, kisha akauliza zahanati ni ya nani. Alipojibiwa, alivisha kalamu yake kofia na kuirudisha mfukoni. Haki yote ya nchi hii siku zile ingeweza kuenea ndani ya kofia ya kalamu ile. Ninaandika hivyo makusudi. Walikuwapo watu wenye sheria vichwani mwao na mihuri mezani, na mwanamke aliyeharibiwa mguu alitoka kwao na fimbo ileile aliyoingia nayo.

Habari zikamfikia Sajini. Alikuja barazani kwa Mubaraka mchana, kwa gari la jeshi, akiwa na furaha zake. Mubaraka akaanza kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

"Wewe ndiyo mama ya mguu?" Sajini aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Unapeleka mimi kwa hakimu. Hakimu iko na nini? Mimi iko na haki ya haraka. Angalia kwa gari."

Namono akatazama. Nyuma ya gari, kati ya askari wawili, alikaa Ojok. Koti jeupe lilikuwa bado mwilini. Viatu alikuwa amevuliwa, na Jinja nzima ilijua maana ya mtu kuvuliwa viatu.

"Sema neno moja tu, mama. Tunapeleka yeye kwa mto, kesi kwisha. Mguu yako nalipwa leo."

Ni lazima niseme ukweli juu ya Namono, kwa sababu watu wanaosimulia habari zake hupenda kumfanya malaika. Kitambo kile alilitaka neno lile. Lilimjaa mdomoni. Alikumbuka moto ulivyoshuka mguuni, na kwamba kijana yule aliuona mguu ukiruka na bado akasukuma dawa mpaka tone la mwisho. Aliitazama miguu mitupu ya Ojok kwenye sakafu ya gari. Ilikuwa ikitetemeka, na katika kutetemeka kule vidole vilipanda na kushuka, vikipanda na kushuka, kana kwamba vinakanyaga kitu. Ndipo baraza lote likawa kama limejaa maji, sauti zikawa mbali, na aliyesikika karibu alikuwa shangazi Khainza akiuliza kwani shamba linajua.

"Afande," alisema, "mkimpeleka huko, nani atakanyaga cherehani yangu?"

Sajini hakuelewa.

"Kwetu anayekuvunja hukufanyia kazi yako. Mimi nataka mguu wake. Nipe mguu wake, ukiwa bado kwenye mwili wake."

Halafu Sajini alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia, na askari wake, walipoona inaruhusiwa, wakacheka pia.

"Wagisu! Mimi nafikiri nyinyi nakata vijana jandoni tu. Kumbe naazima pia." Akamsukuma Ojok kutoka garini kwa buti. "Chukua mguu. Ikikimbia, mimi narudi kwa wewe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo yake. Mubaraka, aliyeijua mizaha ya Sajini, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mzaha wa mchana huchacha ikifika jioni. Ondokeni." Kabla jua halijainama walikuwa juu ya lori la Omollo, dereva Mjaluo wa Kisumu aliyekuwa akirudi Tororo kufuata saruji, pamoja na cherehani iliyofunikwa gunia. Mubaraka alimvisha Ojok shati kutoka rafu ya duka lake, akalitia koti jeupe motoni, likaungua.

Kwenye kizuizi cha barabara askari aliuliza yule kijana asiye na viatu ni nani.

"Huyo ni mguu wa mama huyu," Omollo alijibu kwa uso mkavu. "Wake umeharibika, ameazima."

Askari aliangalia fimbo, akaangalia cherehani, akapunga mkono wapite. Labda alidhani dereva amelewa.

Walikwenda kuishi Namatala, upande wa Mbale ambako nyumba zimebanana na hakuna anayeshangaa mgeni. Namono alipanga vyumba viwili na kibaraza. Kwa majirani kijana aliitwa Gaster, mfanyakazi wake. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani, mguu wake wa kulia ukiwa juu ya kanyagio, na Namono alikaa mbele ya sindano.

"Kanyaga," alimwambia. "Polepole. Simama. Nimesema simama."

Mkono wa kwanza wa gomesi walioushona hivyo ulipinda kama barabara ya mlimani ya Sipi, na mwenye gomesi akagoma kuipokea. Waliufumua. Walishona tena. Kidogo kidogo Namono aliacha kusema kanyaga; aligonga meza kwa kidole. Baadaye hakugonga tena. Alivuta pumzi, na mguu wa Ojok ukajua. Mchana wa joto, mtaa ukisinzia, watoto waliopita waliona watu wawili wasiotazamana, macho yao yakiwa mbali kabisa, yake kwenye maji meupe ya Wanale, ya mwenzake sijui wapi kaskazini, na kati yao mshono mmoja ulionyooka ukitoka kama unaota.

Msidhani alimsamehe. Ojok alipojaribu kusema pole, Namono alimkatiza: "Mguu wangu hauna habari na pole yako. Kanyaga." Alimpa chakula kizuri na maneno machache.

Mubaraka akija Mbale kununua mali alileta habari za Nalufenya. Zahanati haikufungwa. Sajini alipata kijana mwingine, akamshonea koti jipya, na sasa kuna mtoto wa mchuuzi wa samaki anayeburuta mguu, na mzee mmoja aliyezikwa. Hao hawakulipwa na mtu. Hakuna kesi, hakuna hukumu, hakuna hata kalamu iliyofunguliwa. Namono alisikiliza, kisha akashona mpaka jioni bila kuinua kichwa. Tangu siku hiyo alimtazama Ojok kwa namna nyingine. Alianza kuona kwamba alikuwa amepewa mkia wa kitu, na kichwa chake bado kiko Jinja kimevaa tepe za sajini.

Ojok alipokwenda kisimani kuchota maji, Namono alibaki peke yake na cherehani. Alianza kuchezacheza na kanyagio kwa mguu wa kushoto, bila nia. Maumivu ya nyonga yalikuwa yamelala siku nyingi. Gurudumu lilirudi nyuma, akalisimamisha kwa mkono. Likarudi tena. Akajaribu kesho yake, na keshokutwa, kila ndoo zilipokuwa kisimani. Mvua za mwaka wa sabini na saba zilipoanza kupiga bati, gurudumu lilikwenda mbele na halikurudi. Mshono ukanyooka mpaka mwisho wa kitambaa.

Aliutazama kwa muda. Kisha akasikia nyayo za Ojok uani, akaondoa mguu wake kwenye kanyagio, akaketi kama alivyokuwa akiketi siku zote.

"Tuanze?" Ojok aliuliza, akivuta kigoda.

"Tuanze."

Kwa nini hakumwambia? Kwa sababu deni likiisha, mdaiwa huondoka, na nje ya kibaraza kile kulikuwa na vizuizi vya barabara na watu wanaouliza majina. Mguu wa Ojok juu ya kanyagio ndio uliokuwa ukimweka ndani. Basi Namono aliendelea kuvuta pumzi, na Ojok aliendelea kukanyaga.

Utawala ule wa kijeshi ulianguka mwaka wa sabini na tisa. Askari wake walipita Mbale wakikimbia, wengine wakiwa hawana viatu. Nyuma yao wakaja Watanzania. Watu wa Namatala, ambao kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi, walisimama milangoni wakasikia wanajeshi wakisema "samahani, mama" na "asante, ndugu", wakatazamana kama watu walioamshwa kabla ndoto haijaisha. Mubaraka alituma habari kwamba Sajini amevuka mpaka. Zahanati imebaki na mlango wazi na vichupa vitupu.

Asubuhi iliyofuata Ojok alivuta kigoda chake kama kawaida.

"Ondoa mguu," Namono alisema.

Akaweka wa kushoto. Akaanza kushona. Kanyagio lilipanda na kushuka, na mshono ukatoka umenyooka. Ojok alitazama mpaka kitambaa kikaisha.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

"Ungeniambia."

"Ungeondoka. Ungekwenda wapi na jina lako?"

Ojok aliinama, akaishika miguu yake mwenyewe kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Kitambaa kile kilikuwa shati. Namono alikata uzi kwa meno, akamrushia. Akamwambia vipimo alivikadiria tu kwa macho, na kama linambana mabegani asije kulalamika, kwa kuwa safari hii fundi amekanyaga mwenyewe na hana wa kumlaumu.

Lori lililokuwa likikusanya watu wa kurudi kaskazini lilisimama karibu na kibaraza. Utingo aliuliza kila mtu jina kabla ya kupanda. Namono aliinua kichwa kusikiliza.

"Ojok," yule kijana alisema.

Hakuna aliyegeuka. Utingo akamvuta mkono, lori likaondoka.

Namono alikisukuma kigoda kando. Akauinua mguu wake wa kulia kwa mikono, akauweka juu ya kanyagio pembeni ya wa kushoto ili uende nao, akavuta pumzi, akaanza gomesi ya watu.