Wakuu, Haifanyi Kazi

Kitasa cha choo kilikuwa kinagonga gizani. Ka-ka. Ka-ka.

Saa moja jioni, umeme umekatika Mchafukoge nzima.

"Mama."

"Abee, Vicky."

"Mama."

"Una nini?"

"Mama."

Nikafika na tochi ya simu. Mwanangu kasimama nje ya choo, kitasa kimekaza, gauni limeshalowa chapachapa. Angesema tu amebanwa, ningekimbia.

Ila huyo ana miaka minne, namwelewa. Nyie wenye bando na ndevu je?

Maana nikiwa nafua lile gauni, simu ikaita. Kundi letu la Telegram la wanaojifunza programu.

"Wakuu," kaandika mtu anayejiita Mkali wa Jiji.

Watu wakaitikia. Poa mkuu. Karibu mkuu.

Nimeshaanika nguo ndio akarudi. "Nina shida."

"Sema mkuu."

"Kuna mtu anajua Python humu?"

Kundi zima limejiunga kwa ajili ya Python. Ni sawa na kusimama katikati ya Kariakoo ukauliza kama kuna anayeuza nguo.

Kisha akatupa picha. Kaipiga skrini ya kompyuta kwa simu, imelala upande, kidole gumba kimeziba maandishi ya kosa lenyewe.

"Haifanyi kazi. Fasta wakuu, kesho naonyesha kwa bosi."

Nikamjibu: "Kaka, simu yako ikiharibika unampelekea fundi picha ya simu? Sema ulitaka nini kitokee, kimetokea nini, umejaribu nini. Halafu nakili kosa lote uliweke hapa."

"Dada, kama hujui kapike. Mi nataka code tu."

Nikaikuza ile picha nipate cha kumchambia. Nikasoma mistari yake.

Nikakaa juu ya ndoo. Nikaihifadhi ile picha.

Kesho yake na mimi nilikuwa na bosi wa kumwonyesha.

Nauza vitenge kwa Mzee Mbaruk, mtaa wa Kongo, jioni nasoma. Mzee alitaka programu ya kumwambia mzigo uliobaki stoo, na atakayeitengeneza ndio angekaa nayo ofisini. Tuliomba wawili: mimi na Elimringi, tunayesoma naye darasa moja. Nikiipata hiyo kazi ya ofisini, narudi nyumbani mapema, Vicky hashindi kwa jirani mpaka giza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani anaanza?"

Akaanza Elimringi, miwani ya jua kichwani. Akabonyeza. Ikagoma. Akabonyeza tena.

"Mtandao huu, mzee. Ila cheki kazi niliyoandika."

Akamgeuzia kompyuta, mistari imejaa skrini nzima. Mzee akasoma taratibu, kidole kwenye kioo.

"Hapa umeandika 'Vicky usiguse'. Vicky ndio nani?"

Elimringi akashusha miwani machoni. "Ni... jina la mfumo, mzee."

"Yuko chekechea," nikasema. "Nikigeuka tu anabonyeza kompyuta yangu."

Usiku ule nilipoikuza ile picha, hicho ndicho nilichokiona. Kompyuta za darasani tunapokezana, na faili langu nililisahau humo. Elimringi, ndiye huyo Mkali wa Jiji, kalibeba lote, kafuta mstari asiouelewa, likamfia mkononi. Kosa kaliziba kwa dole gumba, jina la mwanangu kaliacha wazi. Halafu mimi niliyeliandika ndio kaniambia nikapike.

Nikafungua ya kwangu. Ikahesabu vitenge mpaka vilivyo chini ya ngazi.

"Elimringi," Mzee akasema, "nenda kapike."

Sijui nani alimwonyesha yale mazungumzo. Mimi msiniulize.

Kazi nimepata. Mkali wa Jiji kajitoa kundini, hakuaga.

Sasa na nyie mnaokuja kuuliza: salimia, lakini swali lije na salamu yake. Andika, usipige picha. Ukijibiwa, rudi useme kama imekubali, usipotee kama umepewa lifti. Huna muda wa kuandika swali lako, nani ana muda wa kulisoma?

Kama mnaona ni vigumu, jana umeme ulikatika tena. Nikasikia kitasa. Ka-ka.

"Mama, nimebanwa mkojo, nimevuta kitasa mara mbili na mlango haufunguki."