Jumapili Nilizokaa Peke Yangu

Miaka ya tisini nilikuwa naishi ughaibuni, Anderlecht, ghorofa ya saba, katika jengo la nyumba za manispaa ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilipotaka. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimetoka Bukavu, sina mume, sina mtoto, na kazi yangu ilikuwa kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Jumapili nilikwenda kuomba kama watu wengi wa kwetu. Tulikusanyika kwenye bohari lililowahi kuwa la matairi, na pamoja na nyimbo na maombi yetu yote, mahali pale paliendelea kunuka mpira.

Kiongozi wetu tulimwita Papa Mtumishi. Alikuwa mtu wa Uvira, mnene kidogo, mpole sana nje ya ibada, lakini akishika kipaza sauti alibadilika. Tulikuwa watu ishirini na kidogo, angetunong'oneza tungemsikia. Hata hivyo kipaza sauti hakukiacha, na spika zake mbili alizielekeza kwetu kama polisi waliokuja kuvunja maandamano.

Papa Mtumishi alikuwa amenitabiria mume. "Anatoka Canada," alisema, "na ni murefu." Mimi sikuwa nimeomba mume. Lakini tangu siku ile kila nikiingia bohari, akina mama walinishika mkono na kuniuliza kama Canada imepiga simu.

Kilichonitoa pale si Canada, ni goti. Jumapili moja alifumba macho, akasema Bwana anamwonyesha dada mwenye maumivu ya goti la kushoto, kisha akaninyooshea kidole. Kweli goti lilikuwa linaniuma, kwa sababu ya kuinua wazee.

"Papa, ni la kuume," nikasema.

Watu wakageuka kunitazama. Yeye hakutikisika hata kidogo.

"Maman, Bwana anakuangaliaka kutoka mbele. Kushoto yake njo kuume yako."

Nikacheka. Nilijaribu kukigeuza kile kicheko kiwe kikohozi, kikanishinda. Mama aliyekaa kando yangu akadhani ni furaha ya Roho, naye akaanza kucheka, akafuata wa nyuma yake, na baada ya dakika tano bohari zima lilikuwa linacheka, watu wanafuta machozi, Papa Mtumishi anatangaza kwenye spika zote mbili kwamba upako umeshuka. Mimi peke yangu nilijua tunacheka nini.

Kwenye tramu ya kurudi kicheko kiliisha, likabaki swali. Ni mambo mangapi nilikuwa nimeyapokea hivyohivyo, bila kuyakagua, kwa sababu tu yalisemwa kwa sauti kubwa?

Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani ili nifikiri. Sikujua kwamba ni kazi ngumu vile. Kwetu Bukavu tulikuwa watu kumi na mmoja katika nyumba moja. Hata chooni ulikuwa unagongewa mlango. Saa ya kwanza niliosha friji. Saa ya pili niliiosha tena. Mwishowe nikaketi kwenye kiti mbele ya dirisha, nikatazama mapaa ya mabohari, nikasubiri mawazo makubwa. Wazo la kwanza lililokuja lilikuwa kwamba mapazia yangu ni mabaya. La pili, kwamba sikuwahi kuyapenda. Niliyanunua kwa sababu mwenzangu wa kazini aliyasifu. Nikaendelea kufukua. Mtindo wa nywele zangu, chumvi ninayotia kwenye chakula, watu ninaowachukia: vyote nilivipata kwa mtu. Jua lilipohamia ukuta wa pili nilikuwa nimefika kwenye swali lililonitia baridi. Je, nilikuwa namwamini Mungu, au nilikuwa nawaamini watu waliosema wanamjua? Jibu sikulipata. Ila niliona kwamba lile swali, angalau, hakunipa mtu.

Jumapili ya tatu kengele ya mlango ililia. Walikuwa akina mama watatu wa bohari, wanahema, maana lifti ilikuwa imegoma.

"Uko mugonjwa?" akauliza mkubwa wao.

"Hapana, maman. Niko muzima."

"Donc, uko unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Wakatazamana. Mmoja akaenda kufungua mlango wa chumba changu cha kulala, akachungulia hadi nyuma ya kabati. Nadhani alikuwa anatafuta mtu mrefu. Aliporudi mikono mitupu, mkubwa wao alikitazama kile kiti kilichoelekea dirishani, akashusha sauti.

"Bon. Na ukikaa hivi, unasikiaka sauti?"

"Ya lifti, siku inatembea."

Hawakucheka. Waliondoka taratibu kama watu wanaotoka hospitali, lakini mdogo wao akabaki mlangoni. Mumewe alitaka wahamie mji wa Liège, naye hakujua afanye nini. Mimi Liège sikuijua, na mumewe nilikuwa nimemwona mara moja, kwa mbali.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" nikamuuliza.

Alilia, akaeleza kwa saa nzima, akajijibu mwenyewe: hatahama mpaka mume apate kazi kule. Akanibusu mikono, akaenda kuwaambia watu kwamba nimeona mambo yake yote.

Baada ya hapo sikuwa tena na Jumapili. Walikuja wawili, wakaja watano, wakaja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, na samaki, wakaketi sakafuni wakinitazama nilivyokuwa natazama mapaa. Nikisema sijui, walitikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja alinunua kiti kama changu.

Basi nikaanza kuwakimbia. Jumapili saa saba nilikwenda kituo cha treni cha Gare du Nord, nikaketi kwenye benchi katikati ya wasafiri na masanduku yao, na hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya njia ya treni. Jumapili ya pili kwenye benchi langu nikamkuta mtu anakula mkate mtamu wa gofri, sukari imemjaa kwenye tai. Alikuwa Papa Mtumishi.

"Unasafiri, papa?"

"Hapana. Na weye?"

"Hapana."

Nikaketi. Tukatazama treni mbili zikiondoka.

"Nyumbani wananifuata mpaka jikoni," akasema hatimaye. "Hapa hakuna mutu ananijua."

"Papa, yule mume wa Canada, ulimwona kweli?"

Akajifuta sukari. "Nilikuona unakuja peke yako kila siku. Nikakuhurumia. Huruma ilitoka kama unabii."

"Na goti?"

"Maman, kwa umri yetu, nani hana goti?"

Nilitaka kukasirika, nikakosa nguvu. Nikamuuliza kwa nini hawaambii watu ukweli kwamba hajui.

"Niliwaambiaka siku moja. Wakasema ni unyenyekevu, wakaongezeka."

Akanikatia nusu ya gofri, tukala kimya. Sijawahi kuwa na ibada nzuri kama ile.

Wiki ile niliwaambia akina mama wote kwamba sioni kitu, sisikii kitu, na mlango utafungwa Jumapili. Wawili waliacha kunisalimia. Mmoja alisema nimepoteza kipawa kwa sababu ya kiburi. Yule wa Liège peke yake aliendelea kuja, siku za Jumamosi, nikamsuka nywele, tukasemana na kubishana kama watu wa kawaida. Kuomba sikuacha. Nilipunguza maneno tu, nikaacha kumweleza Mungu mambo ambayo sina hakika nayo.

Baadaye, katika zile Jumapili, niliamua kujifunza Kiflamandi, lugha ya wenyeji ambayo watu wa kwetu hawakuijali. Kila niliyemwambia alisema ni kupoteza wakati, na sikumwomba mtu ruhusa. Kazini kulikuwa na bibi mmoja aliyejua lugha hiyo tu. Kila asubuhi, nikishafungua dirisha lake, alinishika kiganja na kunisemesha maneno yaleyale, kwa hisia kubwa. Kwa miaka miwili niliamini ananibariki, nami nilimjibu amina. Katika somo la nne niliyaelewa maneno yake.

Alikuwa ananiomba nifunge dirisha.