Mashine ya Kijivu ya Kadiri

Kadiri alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, na ungemuuliza nani fundi bora kati ya Goma na Ruhengeri, asingekuchelewesha kwa jibu. Vitanda, milango, fremu za baiskeli, vyote vilipita mikononi mwake. Mashine yake ilikuwa ndogo, aliinunua umeme ulipofika mjini, na kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa kisafi kuliko kile alichofutia uso wake.

Siku moja Ndayisaba, mwenye mashua ya chuma iliyopeleka viazi na maharage Kibuye, alimletea kiti cha injini. Kiti hicho si cha kukalia. Ni bamba zito, nene kama kidole gumba, ambalo injini hufungwa juu yake. Lilikuwa limepasuka katikati. Ndayisaba, mtu mpole asiye na haraka ya maneno, aliuliza kama kweli kimashine kile kingeliweza. Kadiri akamjibu, mbele ya watu waliokuja kuchukua vitanda vyao, kwamba chuma ni chuma.

Akalichomelea. Mshono ulitoka mzuri, umenyooka kama wa cherehani, hata akawaita majirani waje kuutazama. Ndayisaba naye aliutazama, akausifu, kisha akaomba nyundo. Alipogonga kwa nguvu, bamba liliachana, na ule mshono ukabaki umening'inia upande mmoja, mzima kabisa.

"Fundi," alisema Ndayisaba taratibu, "hii haikushikana. Umeipaka tu, sawa siagi."

Tangu hapo mtaani wakamwita Fundi Siagi. Kadiri alilaumu vijiti vya kuchomelea, akalaumu upepo wa ziwani, mwisho akawalaumu Wazungu waliokifua chuma chenyewe. Mkewe, Nyirasafari, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Baba Dauda, hii mashine yako iko na moto wa chai," alisema. "Na bamba la Ndayisaba ni maharage."

Kadiri hakula vizuri siku ile. Lakini kesho yake aliuza kile kimashine, akasema anakwenda Goma kutafuta kingine. Nyirasafari akajifunga kitenge akamfuata, maana alimjua mumewe mbele ya kitu kinachong'aa.

Dukani kulikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ina magurudumu na kioo chenye mshale. Ya pili ilikuwa ya kijivu, pana, imekaa pembeni kama pipa la mahindi. Kadiri alikuwa amekwisha kuishika ile nyekundu mgongoni, kama mtu anunuaye ng'ombe. Mwenye duka alisema inachomelea chochote. Hapo Nyirasafari akatoa kikapuni vipande viwili vidogo vilivyomeguka kwenye lile bamba lililopasuka, alivyoomba kwa Ndayisaba bila kumwambia mumewe.

"Ianzie hapa," alisema.

Nyekundu ilianza kwa mbwembwe. Kadiri alipoizungusha hadi nguvu yake ya mwisho, ikanguruma, ikatoa harufu ya rangi inayoungua, ikazima ili ipumzike. Nyundo ikamaliza maneno. Kisha wakawasha ile ya kijivu. Kijiti kilizama ndani ya chuma, na upande wa pili wa bamba ukaiva mwekundu, ishara kwamba moto umepenya hadi chini. Chuma kilipopoa Kadiri alikigonga, akakigonga tena, mpaka mkono ukamuuma. Kilikuwa kimeshikana.

Aliitazama tena ile nyekundu. Halafu, kwa sauti ya chini, akamuuliza mwenye duka kama hiyo ya kijivu haipatikani yenye rangi nyekundu. Haikupatikana.

Mashine ya kijivu ilipofika nyumbani ilileta ugomvi wa aina yake. Kila alipoiwasha, taa za jirani zilififia na redio ya Muhamadi fundi nguo ilipoteza sauti katikati ya habari. Muhamadi alivumilia, halafu akaja na mkasi mkononi kusema hawezi kuishi hivyo. Kadiri alilazimika kuomba watu wa umeme wamvutie waya wake mwenyewe, mnene kuliko wa nyumba yoyote.

Baada ya hapo alilimaliza bamba la Ndayisaba. Mwenye mashua hakuomba nyundo. Alilipanda akaruka juu yake kwa miguu yote miwili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Injini ilipofungwa, alisema kwake ni desturi: aliyechomelea kiti cha injini husafiri nayo mara ya kwanza.

Ndipo ikajulikana kwamba Kadiri, aliyezaliwa kando ya Kivu, hakuwahi kupanda mashua hata moja.

"Mi nachomelea tu," alijitetea. "Maji si kazi yangu."

Nyirasafari alikuwa amekwisha kukaa juu ya magunia ya viazi, anamenya karanga. Kadiri akapanda. Mpaka Kibuye aliinama juu ya injini, macho kwenye mshono wake, hakuona kilima wala kisiwa. Mkewe alimsimulia vyote walipotua, huku akimshika mkono kumteremsha.