Mashine Nyeupe ya Gwantwa

Gwantwa aliteremka kutoka milima ya Ileje akiwa mjane mwenye binti mmoja, Tumpe, akafungua kibanda cha chai Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kungoja karatasi za forodha. Madereva walikaa siku tatu, hata nne, bila la kufanya. Mwezi wa sita mwaka 2001, akiwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, akaona mashine nyeupe ya gemu ikionyesha mpira kama wa kweli. Akauza ng'ombe wake wa mwisho, akainunua.

Mambo yakamnyookea. Wanaume wenye wajukuu waligombania pedi za kuchezea, wakilipia kila mchezo. Osea, dereva wa lori la mafuta liendalo Ndola, siku moja aliitwa forodhani mara mbili asisikie.

Kisha Makene, fundi redio, akafungua kibanda upande wa pili wa barabara, na mashine nyeusi. Gwantwa hakujali, picha za mashine yake zilikuwa safi vilevile.

Mwaka uliofuata likaja Kombe la Dunia. Senegali ikaifunga Ufaransa, na haikupita wiki benchi la Gwantwa likabaki tupu. Akavuka barabara. Kwa Makene watu walijaa hadi mlangoni, na katikati yao Osea, pedi mkononi.

"Osea! Hata wewe?"

Osea hakuinua macho. "Nisamehe, Mama Tumpe. Kwako hakuna gemu ya Kombe la Dunia. Sisi tunataka Senegali."

"Basi kesho itakuwepo."

Kesho yake akaleta diski ya gemu hiyo kutoka Nakonde, akawaita watu, akaitia. Mashine ikazunguka, ikakoroma, ikanyamaza. Akaifuta diski kwa kanga, akarudia. Siku zote alidhani diski ni kama kaseti, inaimba kwenye redio yoyote.

Akarudi Nakonde mbiombio, kwa yule yule aliyemuuzia mashine.

"Bamayo," muuzaji akamwita mama kwa Kibemba, "hii ni ya mashine nyeusi."

"Nipe ya nyeupe."

"Haipo. Wanaotengeneza gemu hii si wanaotengeneza mashine. Hao wa gemu wanafuata mashine yenye watu wengi. Yako ilikosa watu, wakaiacha. Hata kiwanda chake kilisimamisha kuitengeneza mwaka jana, mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu? Mimi nimeinunua mwezi wa sita! Uliniuzia maiti?"

"Hata mimi sikujua, bamayo. Habari ilinifikia baadaye."

Gwantwa akaketi kwenye kizingiti cha duka. Watu asiowajua, katika nchi asizozijua, walikuwa wameamua, na benchi lake Tunduma likawa tupu.

Jioni akamfuata Makene. "Niambie kweli. Wewe ulijuaje kuchagua nyeusi?"

Makene akajikuna kichwa. "Sikuchagua, mama. Nilipofika dukani ndiyo pekee iliyokuwa imebaki."

Gwantwa akamtazama, mdomo wazi. Hilo lilimshtua kuliko yote. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka, na Makene akaanza kuogopa.

Wiki ile ile akahamishia birika na chapati zake kwa Makene, wakawa washirika. Miaka ikapita, zikatoka mashine mpya, na Makene akataka kukimbilia ile yenye picha za kung'aa zaidi. Gwantwa akakataa katakata. Akaenda Nakonde mwenyewe. Muuzaji alipoanza kuisifia mashine ile, akamkatiza:

"Mashine iache hapo. Nionyeshe kwanza rafu ya diski zake."