Siku Nilipowafuta Nyuso Wapagazi Kumi na Wawili

Mtu akisema mbele yangu, "Hebu ikuze kidogo hiyo picha," huinuka nikatoka nje hapo hapo, na wanangu wakiniuliza nina nini huwaambia nimekula vibaya, maana aibu niliyoipata Tabora enzi za Mwingereza sijawahi kuisimulia mpaka mwisho. Leo naisimulia yote. Chekeni, halafu tuendelee na mengine.

Wakati huo nilikuwa msaidizi wa Bwana Jivan, Mhindi mmoja mpole aliyekuwa na studio ya picha karibu na soko. Mimi ni Mzaramo, nilifika Tabora kwa gari moshi kutafuta kazi, na anayeujua utani wetu na Wanyamwezi (ulianza huko kwenye misafara, babu zao wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na babu zetu wakiwapokea kwa matusi) anajua kuwa Mzaramo akiishi Tabora hana siku ya kupumzika. Unatukanwa sokoni, unanyang'anywa baiskeli msibani mpaka uikomboe, na kukasirika hairuhusiwi.

Basi siku moja wakaingia dukani wazee wawili wa mtaa wa Isevya, Mzee Maganga na Mzee Kasele. Walikuwa na chama chao, chama cha wapagazi wa zamani, wale waliobeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani kabla reli haijafika, na wanachama walikuwa wamebaki kumi na wawili. Mzee Maganga, mwenyekiti, alivaa miwani yenye vioo vinene ajabu.

"Shikamooni wazee," nikasema.

"Marahaba mwanangu," akajibu Mzee Maganga. Mzee Kasele yeye akasema, "Marahaba mtani, hujafa tu?"

Walitaka picha ya wote kumi na wawili, ipigwe Kwihara, pale ilipopita njia ya misafara, na si picha ya kutia mfukoni, wanataka kubwa ya ukutani, pana kuliko meza ya duka. "Macho yangu yanaondoka," Mzee Maganga akaniambia. "Tangu nizaliwe sijawahi kujiona kwenye picha. Nataka niwaone wenzangu wote na mimi nikiwa kati yao kabla hayajafunga, na ndogo siwezi kuiona."

Bwana Jivan alikuwa anapanda treni ya Kigoma jioni hiyo hiyo, kwenye harusi ya mpwa wake, akaniachia kazi na neno moja. "Chukua kamera kubwa," akasema. "Usinipelekee ile yako huko."

Kamera kubwa ilikuwa sanduku la mbao lenye mikunjo ya ngozi, miguu mitatu, kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, na vioo vya kupigia picha badala ya filamu, kila kimoja kikubwa kama daftari la shule, vizito utadhani umebeba tofali. Na yangu? Yangu niliinunua kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vita vya Burma, ndogo, inaingia mfuko wa koti, inatumia filamu nyembamba ambayo picha moja ni kubwa kidogo tu kuliko stempu ya barua, na nilikuwa naipenda kuliko ndugu zangu. Nilishawahi kupiga kitu kimoja kwa kamera zote mbili nikasafisha picha za ukubwa wa kiganja, na yangu ndiyo ilitoka kali zaidi, unahesabu mpaka nyusi! Bwana Jivan aliitazama akasema picha ya kiganja haisemi ukweli wote. Nikajua ni wivu wa mzee. (Wivu, eti, mtu mwenye studio anionee wivu mimi ninayelala chumba cha nyuma cha studio hiyo hiyo!)

Asubuhi nikalitazama lile sanduku, nikaifikiria njia ya Kwihara na mchanga wake, nikatia kamera yangu mfukoni nikapanda baiskeli huku napiga mluzi. Ujinga wangu wote ulianzia hapo.

Kwihara nikawakuta wazee wameshajipanga, na wamejipanga kama walivyokuwa wakitembea, mstari mmoja, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na nafasi yake ya zamani, Mzee Maganga mbele kwa kuwa alikuwa kiongozi wa msafara na Mzee Kasele mkiani kabisa. Nikawaomba wasimame mistari miwili ili nisogee karibu. Wakanikatalia katakata, mpagazi hasimami nyuma ya mgongo wa mwenzake kwenye picha, atajulikanaje alikuwa wa ngapi? Basi nikarudi nyuma, nikarudi, nikarudi, mpaka nikaingia kwenye shamba la mihogo la watu, ndipo wote kumi na wawili wakaenea. Nikabofya. Uso wa mzee mzima ukaingia kwenye filamu kwa ukubwa wa punje ya ulezi, na mimi nikaridhika.

Kwenye chumba cha giza nilipoanza kuikuza ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Niliilaza mashine ya kukuzia ikaangaza ukutani, nikaunganisha karatasi nne, na kadiri nilivyozidi kuikuza ndivyo wazee walivyozidi kuyeyuka, macho yakawa mashimo, midomo ikapotea, picha nzima ikajaa chenga kama mtu ameimwagia pumba. Nikajiambia ni ule mwanga mwekundu wa chumba cha giza unaonidanganya. Nikajiambia ikikauka itakaa sawa. Ilipokauka nikaenda kusimama mwisho wa ukumbi wa duka, nikaitazama kwa mbali, nikaona watu kumi na wawili wamesimama, nikasema basi, picha ya ukutani nani anaitazama kwa karibu? Nani? Wazee wenye macho mabovu ndio wanaoitazama kwa karibu, ewe mpumbavu, na wewe ulikuwa unalijua hilo!

Siku ya kuifunua, ukumbi wa chama pale Isevya ulifurika, wake, watoto, majirani, pilau inanukia, picha imefunikwa kaniki. Ikafunuliwa, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mzee Maganga akaisogelea polepole mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Mimi ni yupi?" akauliza.

"Wa kwanza, mwenyekiti."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akatazama, akaivua tena, akaazima ya Mzee Kasele. Wengine nao wakaja, wanafuta miwani, wanapikicha macho, wanarudi nyuma hatua mbili, wanasogea tena, na kila mmoja anasema, "Nzuri, nzuri sana," maana kila mmoja alidhani ni yeye peke yake haoni na hakutaka wenzake wajue. Nikaelewa kuwa nimepona. Na nawaambia bila kuficha, nilifurahi, nikachukua sahani ya pilau.

Mzee Maganga akaketi kwenye benchi kando yangu. "Macho yamekwisha," akasema taratibu. "Nilidhani nina mwaka mwingine. Asante mwanangu, kazi yako nzuri, mwenye kasoro ni mimi." Halafu akamwambia binti yake aanze kumtafutia fimbo ya kutembelea.

Nikaiweka sahani chini. Nikatazama mlango, nikaupenda sana ule mlango, lakini yule mzee alikuwa ameinamisha kichwa na mimi sikuweza. "Mzee," nikasema, "macho yako hayana neno. Picha ndiyo mbovu."

"Sema tena, mtani!" Mzee Kasele akapaza sauti. "Wa nyuma hawajasikia!"

Wakanipandisha juu ya benchi. Nikasema tena. Wakataka sababu, nikaeleza filamu ilivyo ndogo, nikatoa kipande chenyewe mfukoni nikawaonyesha.

"Yaani," Mzee Kasele akasema, "watu wazima kumi na wawili, na heshima zetu, umetutia kwenye stempu?"

Ukumbi ukalipuka. Wapo waliolala chini kwa kucheka. Kwa haki ya utani wakaninyang'anya kamera yangu pale pale, na Mzee Kasele akatangaza kuwa sitaikomboa kwa senti hata moja, nitaikomboa kwa kulibeba lile sanduku la Bwana Jivan kichwani, kwa miguu, mpaka Kwihara, wao wakinikagua.

Bwana Jivan aliporudi hakunifokea, bora angenifokea. Aliweka kipande changu na kimoja cha vioo vyake dirishani, sambamba. "Lenzi yako safi," akasema. "Lakini wewe umekuza mara arobaini. Kosa dogo la lenzi, chenga ya filamu, mkono kutikisika, vyote vimekua mara arobaini. Kioo changu nakikuza mara tisa tu. Sasa beba."

Nikabeba. Wazee walinifuata nyuma na fimbo zao, wakinikosoa shingo, wakinikosoa hatua, wakiniambia mzigo kama huo zamani walimpa mgonjwa, na kila kijiji tulichopita watu walitoka kuuliza yule Mzaramo amefanya nini, wakaelezwa kwa kirefu. Nilichukia kila mti wa njia ile.

Lakini picha ilitoka. Safari hii wakaifunua, na Mzee Maganga akabandika pua kwenye uso wake. "Ninaona," akasema. "Kumbe nina kovu la nyusi." Akatabasamu, nami nikakaribia kulia kwa furaha. Akasogea kwa wa pili, akasogea kwa wa tatu, akimtaja kila mmoja kwa jina, mpaka akafika mkiani. Akasimama. Akasogeza miwani.

"Kasele," akasema, "hiyo kofia uliyovaa, hayo maua aliyashona marehemu mke wangu. Nimeitafuta tangu Idi ya mwaka juzi."

Watu wakasogea, na kweli, kila tundu la sindano lilionekana. Mzee Kasele alitazama picha, akatazama ukumbi mzima, kisha akanigeukia mimi kwa hasira. "Na wewe," akasema, "nani alikutuma utoe picha kali hivi?"

Tangu siku hiyo, kabla sijabofya, nawapanga watu, napima mwanga, halafu nauliza kwa sauti kama kila mtu amevaa cha kwake.