Dakika Mbili Nilizozitoa Bungeni

Laiti ningemkatalia kiongozi wa ujumbe wetu pale kwenye ngazi, kabla ya kikao kuanza, aliponiomba dakika zangu mbili. Mkono mmoja nilishika chupa ya maji, mwingine karatasi niliyoiandika usiku kucha. Nikamwambia, "Chukua, tata," kama tunavyomwita baba au mkubwa kwetu. Nikatia karatasi mfukoni.

Lilikuwa bunge la nchi kadhaa jirani, nami nilikuwa mmoja wa watu watano waliotoka Kongo. Sikuwa na shahada. Nilimaliza sekondari Kolwezi, nikafanya kazi ya umeme mgodini, nikawa msemaji wa wafanyakazi, halafu watu wakanichagua. Kile kilikuwa kikao changu cha kwanza nje ya nchi, na nilikipenda. Nilipenda viti vyenye vipokea sauti, na wakalimani nyuma ya vioo. Nilimsikiliza hata yule wa Kireno, nisielewe neno, kwa sababu tu ya utamu wa sauti yake.

Muda wa kusema uligawiwa nchi kwa nchi. Kiongozi wa kila ujumbe aligawia watu wake, na majina yakapelekwa mezani kwa karani mapema. Ukiitwa, taa nyekundu inawaka kwenye kipaza sauti chako. Dakika zikiisha, inazimika, hata kama uko katikati ya kumtaja Mungu.

Mimi nilipewa dakika mbili juu ya kifungu cha tisa. Kifungu hicho kilisema magari makubwa yanayobeba madini kuvuka mipaka yasiegeshwe karibu na masoko. Kwa wengine ilikuwa sheria ya barabara tu. Kwangu ilikuwa ni yaya, dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Alikuwa akiuza unga na samaki wakavu sokoni Fungurume, kando kabisa ya barabara. Wiki moja kabla ya safari nilimkuta akifunika unga wake kwa kitambaa, vumbi jekundu la magari lisiuingie.

"Ubaambie tu kitu moja," alisema. "Makamyo isimame mbali na soko. Unga yetu iko inakuwa nyekundu. Batu banatuuliza kama tunauza unga ao matofali."

"Nitasema, yaya."

"Weye njo uko na kinywa kule. Mi niko na kitambaa tu."

Basi pale kwenye ngazi kiongozi wetu aliniambia kwamba hotuba yake ni ndefu na dakika zake hazitoshi. "Ile ya makamyo nitaitaja mi mwenyewe," alisema. Ukweli ni kwamba nilifarijika. Usiku ule nilikuwa nimeogopa Kifaransa changu, nimeogopa vile vioo na watu wenye suti nyuma yake. Aliniomba kitu ambacho nilikuwa natafuta mahali pa kukitua.

Alisimama, taa ikawaka. Alimshukuru rais wa nchi iliyotupokea. Akaishukuru hoteli. Akawashukuru akina mama waliotupikia asubuhi, na mvua iliyonyesha tulipofika, kwa maana mvua ni baraka. Kutoka hapo akaingia katika historia ya undugu wa mataifa yetu, na undugu huo ulikuwa mrefu. Aliposema, "Sasa, kuhusu makamyo," taa ikazimika.

Sikuhangaika sana. Kwetu, iwe mkutano wa wafanyakazi, baraza la kanisa au kikao cha ukoo, neno halifungwi wakati mtu bado ana mkono juu. Hata watu wakiwa wameshasimama kuvaa kofia, mzee akisema, "Nina neno moja," wote wanarudi kuketi. Kura ilikuwa kesho yake. Nikajiambia nitasema hapo hapo, kabla watu hawajaamua. Kitabu cha kanuni kilikuwa mezani kwangu tangu siku ya kwanza. Sikukifungua.

Kesho yake spika alisoma vifungu haraka kama mtu anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Wanaokubali, kadi za kijani juu. Wanaokataa, nyekundu. Wasio na upande, nyeupe. Makarani walipita kati ya viti wakihesabu, na mbio zile nilizifurahia, mpaka kilipofika cha tisa. Nikainua mkono mtupu.

"Mheshimiwa, unaomba kura ya kifungu cha nane ihesabiwe upya?" spika aliuliza.

"Hapana, bwana spika. Cha tisa kura bado. Nataka kusema neno."

"Mjadala ulifungwa jana. Leo tunapiga kura tu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nikaketi, nikainua kadi yangu ya kijani. Kifungu kilianguka kwa tofauti ya kadi chache.

Wakati wa chakula, mama mmoja wa nchi jirani, mwalimu mstaafu, alikuja na sahani yake kwenye meza yangu.

"Mheshimiwa, mimi niliinua nyekundu," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Kifungu kile kilihusu barabara zenu, na ninyi wenyewe hamkukisemea. Nikadhani ni kitu cha watu wa ofisini. Ungesimama jana, ningekuunga mkono. Hata wale wawili pembeni yangu."

Niliporudi nilipita Fungurume kwanza. Kumbe kikao kile kilirushwa redioni. Yaya aliniambia kwamba siku ile walimwomba mwenye kinu azime mashine yake ili wanisikie, akakubali, na soko zima likakaa kimya kunisubiri. Muuza samaki wa jirani akauliza, "Tata mubunge, kumbe kule mvua ilinyesha vizuri?" Wakacheka wote. Nami nilicheka, kwa sababu ilistahili kuchekwa. Nikamweleza yaya kwamba dakika zangu nilimpa kiongozi wetu. Alikuwa anakung'uta kitambaa chake.

Sasa nimezeeka, niko Kolwezi, na siwezi kulalamika. Mke wangu analima mboga nyuma ya nyumba. Asubuhi nasikia magari yakitoka mgodi wa Mashamba nami sina haraka ya kwenda popote. Kwenye mikutano ya mtaa wananipa kiti cha mbele, na kila mtu namwachia aseme mpaka amalize, hata wanaochosha. Yaya anakuja sikukuu, analeta samaki, tunakula bukari, ugali wetu, pamoja na kucheka mambo ya utoto.

Lakini kwetu binti akiposwa, mjomba ndiye anayesema mbele ya wakwe. Binti wa kwanza wa yaya alipoposwa, nilivaa koti na kwenda. Nikamkuta binamu yetu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, ameketi kwenye kiti cha msemaji. Nilimvuta yaya pembeni, nikamuuliza. Hakukasirika.

"Weye ukae, ukule," alisema. "Mi naogopa utapatia mutu mwengine kinywa."

Nilikaa, nikala. Tangu hapo mabinti zake wengine wawili wameolewa, na mara zote mbili binamu ndiye aliyesema. Dada aliyenilea hajanikabidhi tena neno lake lolote nimsemee. Hicho ndicho nilichopoteza kwa dakika zile mbili, na sikukipata tena.